Livabodi yako ya kwanza Bahari ya Shamu: maswali mnayoniuliza kila mara

Maswali haya nayapata kutoka kwa wazamiaji wa Unguja, Mafia, Diani, Watamu, na ndugu zetu walioko Dubai na Ulaya. Wengi wamemaliza kozi, wamepiga daivu (mizamio) za kutosha nyumbani, sasa wanataka kwenda kulala baharini wiki nzima. Nimejibu kwa upande wa Misri kwa sababu ndiko wengi wetu tunakoanzia: si mbali sana, bei inavumilika na miamba yake ni mizuri kupita maelezo. Ya usalama nimeyarefusha makusudi, naomba uyasome hata kama umekuja kutafuta habari za papa tu.

Livabodi ni nini hasa, na kwa nini nisikae tu hotelini nikaenda na boti za kutwa?

Ni boti kubwa ya kulala, mara nyingi ina kabini 10 hadi 12 hivi, jiko, sebule, deki ya nyuma ya kuvalia vifaa na kompresa ya kujazia mitungi. Unapanda Hurghada au Port Ghalib, unashuka baada ya siku 7. Faida yake kubwa ni umbali, kuna sehemu boti ya kutwa haifiki ikarudi. Visiwa vya Brothers viko zaidi ya kilomita 50 kutoka pwani, mwamba wa Daedalus ndo mbali zaidi, huko unafika usiku umelala na asubuhi unaamka mwamba uko chini yako. Faida ya pili ni kwamba unafika kabla ya umati. Lakini kama wewe ni mtu wa kutaka kutembea mjini jioni, kula nje, kuongea na simu, nakwambia ukweli kaa hotelini Dahab au Marsa Alam, utazamia vizuri tu na utafurahi zaidi.

Nina Open Water (cheti cha kwanza cha kuzamia) na daivu kumi na kitu, naruhusiwa kwenda?

Inategemea njia. Njia za Misri kimsingi ni mbili kubwa. Ya kaskazini inapita Ras Mohammed, Abu Nuhas, Thistlegorm na mlango wa Ghuba ya Suez, hii ni ya meli zilizozama na miamba iliyotulia kidogo. Ya kusini maarufu ni Brothers, Daedalus na Elphinstone, bahari ya wazi, kuta zinazoshuka hadi gizani, mkondo mkali, papa. Kwa visiwa vile vya hifadhi vya mbali sharti ni uwe na daivu 50 zilizoandikwa kwenye logbuku (daftari lako la kuzamia), na boti nyingi zinataka uwe na Advanced pia, yaani cheti kinachofuata Open Water.

Sasa wapo wanaoniuliza kama wanaweza "kujazia" logbuku. Usifanye hivo ndugu yangu, nakuomba. Ile 50 haikuwekwa kumkomoa mtu. Ukirushwa kwenye maji ya Brothers asubuhi kuna wimbi na mkondo unakusukuma kutoka kwenye ncha ya mwamba, hakuna mchanga chini wa kukaa upumzike, hakuna kamba ya nanga, ni wewe na badi wako (mwenzako wa kuzamia) na blu tupu. Mtu mwenye daivu 15 hapo hufurahii, unapigania pumzi tu, na unamharibia pia badi ambaye naye amelipa pesa yake. Kama una daivu chache chukua njia ya kaskazini, au njia za kusini zinazobaki kwenye miamba ya ndani kama Fury Shoals na St. John's, nzuri mno, pomboo wapo, mapango wapo, na utarudi na daivu zako kama 18 au 20 juu ya zile ulizonazo.

Nifanye mazoezi gani kabla ya kwenda?

Hapa ndo pesa yako iingie kabla hujanunua kamera wala fini (mapezi ya miguuni) mpya. Mambo manne.

La kwanza ni kuelea. Uweze kusimama kwenye kina cha mita 5 dakika 3 bila kushika kitu, bila kupiga mateke, ukiangalia kompyuta yako ya kuzamia tu, na mtungi ukiwa karibu kuisha ambapo mtungi wa aluminiamu unakuwa mwepesi na unakuvuta juu. Mtu akiweza hili mengine yote yanakuja yenyewe.

La pili ni kurusha boya la kuashiria, ile soseji ya rangi ya chungwa, kutoka chini ya maji. Wengi wetu tumezoea daivumasta (kiongozi wa daivu) ndo anairusha, sisi tunamfuata tu. Kule ukitengana na kundi boya lako ndo litakalofanya dereva wa zodiaki (kiboti cha mpira) akuone katikati ya mawimbi. Fanya kwenye mwamba wa nyumbani mara nyingi mpaka isikupandishe hata nusu mita, na uzi usijizungushe kwenye mkono wala kwenye mtungi.

La tatu ni kuingia majini ukiwa BCD (jaketi la kuelea linalojazwa hewa) haina upepo kabisa. Unakaa ukingoni mwa zodiaki, mnahesabu moja mbili tatu, mnajibwaga wote kwa nyuma na mnashuka moja kwa moja bila kukusanyika juu, kwa sababu ukielea juu dakika moja mkondo umeshakupeleka mbali na mwamba. Sharti lake masikio yako yafunguke haraka na uwe umekagua vifaa vyote na badi KABLA hujakaa ukingoni: mtungi umefunguliwa, unapumua kwenye regyuleta (kifaa cha kupumulia) huku unaangalia geji ya hewa haichezi, uzito upo, maski imekaa.

La nne, kupanda zodiaki kutoka majini. Unavua mkanda wa uzito kama unao, unavua BCD unampa dereva, afu unapiga fini kwa nguvu unajivuta. Ukiwa huna mazoezi ya mikono anza pushapu sasa hivi, wiki sita zinatosha kuona tofauti.

Na kama hujagusa maji miezi sita au zaidi, piga daivu mbili tatu na instrakta nyumbani kwanza. Usiende kujikumbushia Misri.

Kozi ya naitroksi ni lazima?

Si lazima sehemu nyingi, ila mimi ningeichukua kabla ya kozi nyingine yoyote. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, naitroksi ya boti inakuwa 32, maana yake nitrojeni unayoivuta ni ndogo (nitrojeni ikijaa mwilini ndo inaleta ugonjwa wa mgandamizo). Ukiwa mita 18 na naitroksi 32 mwili unabeba nitrojeni kama mtu aliyeko mita 14 na hewa ya kawaida. Ukipiga daivu 3 au 4 kwa siku siku sita mfululizo tofauti hiyo inajikusanya kwa faida yako. Cha kukumbuka ina mwisho wake, kwa 32 usipite mita 33, huko chini oksijeni yenyewe inageuka sumu na mtu anaweza kupata degedege majini. Na kila mtungi unaupima mwenyewe kwa analaiza (kipimo cha oksijeni), unaandika, unasaini, hata kama mfanyakazi amekwambia keshaupima yeye.

Vifaa, nikodi au ninunue?

Maski yako, kompyuta yako na boya lako, hivi vitatu viwe vyako. Kompyuta hasa, kwa sababu inakumbuka nitrojeni ya wiki nzima na huwezi kuazimana na mtu katikati ya safari. Ifahamu vizuri, ujue inalia lini na kwa nini, usome kijitabu chake nyumbani.

BCD, regyuleta na wetsuti (nguo ya kuzamia) unaweza kukodi kwenye boti lakini uagize mapema na saizi kamili, boti ikishaondoka bandarini hakuna duka. Kama una regyuleta yako ipeleke sevisi mwezi mmoja kabla afu uipige daivu mbili nyumbani, isitoke kwa fundi ikaenda moja kwa moja kwenye begi. Beba mdomo wa akiba wa regyuleta, mikanda ya maski na fini, zile oringi ndogo (vipete vya mpira vya kuzuia hewa isivuje), na tochi mbili kama utazamia usiku. Firimbi ifungwe kwenye BCD. Mitungi ya kule kwa kawaida ni ya lita 12 aluminiamu, kama unakula hewa nyingi uliza mtungi wa lita 15, unalipia kidogo zaidi lakini badi wako atakushukuru.

Glavu acha nyumbani. Kwenye hifadhi za Misri haziruhusiwi, na sababu yake naiunga mkono kwa moyo wote: mtu mwenye glavu anashika kila kitu, na matumbawe yale yamechukua mamia ya miaka.

Maji ni ya baridi?

Kwa sisi tuliozoea nyuzi 25 hadi 29, ndio, miezi ya baridi utashtuka. Februari yanashuka hadi 21 au 22, Agosti yanafika 28 na zaidi. Kati ya Desemba na Aprili chukua wetsuti ya milimita 5 nzito na kofia yake, au 7 kabisa kama unasikia baridi haraka, maana daivu ya kwanza hutaisikia lakini ya 14 mwili umeshachoka na unatetemeka. Juu ya deki upepo wa kaskazini unapuliza karibu mwaka mzima, beba koti la upepo na soksi. Watu wanacheka wakisikia koti Misri, baada ya daivu ya usiku hawacheki.

Jambo lingine linalosahaulika ni chumvi. Bahari ya Shamu ina chumvi kama gramu 40 kwa lita, ya kwetu ni 35 hivi, kwa hiyo unaelea zaidi. Ongeza kilo moja hadi mbili juu ya uzito wako wa kawaida, na kama umebadilisha wetsuti kuwa nzito ongeza tena. Daivu ya kwanza kabisa huwa ni ya majaribio, mwamba mdogo mtulivu, itumie kupanga uzito kwa makini, usione aibu kupanda na kubadilisha hata mara tatu.

Mimi nalewa bahari hata kwenye feri ya kwenda Unguja, nitaweza?

Wengi wanaweza. Siri ni kumeza dawa kabla boti haijatoka, ukishaanza kutapika imechelewa. Cinnarizine na meclizine zinatumika sana, zungumza na mfamasia au daktari kwanza hasa kama una dawa nyingine unazotumia, na uijaribu ukiwa nchi kavu siku ya kawaida ujue inakuletea usingizi kiasi gani, kwa sababu usingizi na kuzama havipatani. Chagua kabini ya chini katikati ya boti, huko mtikisiko ni mdogo. Kula kidogo kidogo, tangawizi inasaidia, angalia upeo wa macho si simu. Njia ya kaskazini ina kujificha nyuma ya miamba mara nyingi, ile ya Brothers na Daedalus unavuka bahari wazi usiku na boti inacheza kweli kweli. Basi hilo nalo ni sababu ya kuanza na kaskazini.

Siku inakwendaje humo ndani?

Kengele saa kumi na moja na nusu au saa kumi na mbili alfajiri. Chai, biskuti, brifingi, majini. Unatoka unakuta kifungua kinywa, unalala. Daivu ya pili, chakula cha mchana, unalala tena. Daivu ya tatu alasiri, keki na chai, afu ya usiku pale inaporuhusiwa (kwenye Brothers na Daedalus hairuhusiwi), chakula cha jioni, na saa tatu usiku boti kimya watu wote hoi. Viatu unaviacha siku ya kwanza kwenye kapu, wiki nzima pekupeku. Karatasi za chooni zinaingia kwenye pipa, si kwenye choo. Intaneti, boti ikishaacha pwani, hesabu haipo, waage nyumbani mapema wasije wakapata wasiwasi.

Nikichoka naweza kuacha daivu moja?

Unaweza, na unatakiwa. Hili nalisisitiza kuliko watu wanavyopenda. Kwa sababu umelipa pesa nyingi unajisikia lazima upige zote 20, wenzako wote wanavaa, wewe kichwa kinauma, sikio limebana, usingizi hujapata, unasema nitajikaza. Usijikaze. Sema "hii napumzika" na hakuna kiongozi wa maana atakayekuuliza mara mbili. Kuna watu wanapumzika alasiri nzima siku ya nne, nitrojeni inashuka, wanalala vizuri, na siku ya tano wao ndo wanaoona vitu. Kwa sikio hasa, ukilazimisha leo umepoteza siku zote zilizobaki. Usimeze dawa ya kuzibua pua ili ushuke tu, inaweza kuisha nguvu ukiwa chini na kupanda kukawa ndo shida. Na kila ukitoka majini suuza masikio kwa maji ya kawaida yasiyo na chumvi uyakaushe, mchezo wa maji ya chumvi wiki nzima unaleta maambukizi ya nje ya sikio.

Hata ukiwa tayari juu ya zodiaki umevaa kila kitu ukajisikia vibaya, haki hiyo bado unayo. Mzamiaji yeyote anaweza kusitisha daivu yoyote wakati wowote bila kutoa maelezo.

Boti zenyewe ni salama? Nimesikia habari za kutisha.

Umesikia kweli na usizipuuze. Juni 2023 boti ya Hurricane iliwaka moto karibu na Elphinstone, Waingereza 3 wakafariki. Novemba 25, 2024, alfajiri, Sea Story iliyotoka Port Ghalib ilipinduka watu wakiwa kabini, wengine wakafa, na wengine wakakaa ndani ya boti iliyopinduka zaidi ya siku nzima kabla ya kuokolewa. Na si Misri peke yake. California, Septemba 2, 2019, boti ya Conception iliungua usiku na watu 34 waliolala chumba cha chini wakafa wote. Uchunguzi ulionesha hakukuwa na mlinzi wa kuzunguka usiku, na milango yote miwili ya kutokea chini ilikuwa inatokea sebule ile ile moja iliyokuwa inawaka.

Sisemi usiende. Nasema chagua kwa macho haya, na uulize kwa maandishi kabla hujalipa hata amana:

Kuna mtu anayekaa macho usiku kucha akizunguka boti? Kabini yangu ina njia mbili za kutokea, na zinatokea sehemu MBILI TOFAUTI? Ving'ora vya moshi viko kila kabini? Betri za kamera na tochi zinachajiwa wapi, na kuna mtu anaziangalia? Rafti za kuokolea zinachukua watu wote, wageni na wafanyakazi? Oksijeni ya dharura ipo kiasi gani, inatosha kumfikisha mtu bandarini? Mazoezi ya dharura mnafanya siku ya kwanza?

Boti nzuri itakujibu siku hiyo hiyo kwa urefu na picha juu. Ikikujibu "usijali rafiki, kila kitu poa", tafuta nyingine, bei iwe nzuri namna gani.

Ukishapanda, kabla hujapanga nguo, tembea kutoka kitandani mpaka deki ya juu kwa njia zote mbili. Afu rudia umefumba macho ukihesabu milango kwa mkono, kwa sababu moshi ukiingia hutaona. Fungua ule mlango wa dharura mwenyewe uone unafunguka, kuna boti nimekuta umewekewa godoro juu yake, nikaomba liondolewe na likaondolewa. Jaketi okozi ujue liko wapi. Kimfuko kidogo kisichoingia maji kiwe karibu na mto: paspoti, simu, miwani, tochi, dawa zako. Usichaji kitu chochote kabini usiku ukiwa umelala, simu ikiwemo. Na ukiona mlinzi wa usiku kalala, kamwamshe umwambie nahodha asubuhi, si umbea huo.

Bima je? Ya safari ya kawaida haitoshi?

Mara nyingi haitoshi, soma maandishi madogo, nyingi zinaacha nje kuzamia kabisa au zinakomea kina fulani. Unataka bima inayolipia matibabu ya chemba ya presha na kukusafirisha kutoka baharini, DAN (shirika la usalama wa wazamiaji) ndo wanajulikana zaidi na wazamiaji wengi wanatumia wao. Chemba zipo Hurghada, Sharm el-Sheikh na upande wa Marsa Alam, lakini matibabu ya ugonjwa wa mgandamizo yanaweza kuwa ya siku kadhaa na bili yake familia haiwezi kuchangishana kwenye grupu la WhatsApp kwa usiku mmoja. Namba ya dharura ya bima mpe badi wako pia.

Fomu ya afya utajaza kwenye boti, na ukijibu "ndio" popote (pumu, moyo, presha, kisukari, upasuaji wa sikio, kifafa) utadaiwa barua ya daktari. Nenda nayo kabisa. Usidanganye ile fomu, walioko hatarini ni wewe na atakayeshuka kukufuata.

Chakula, sala, na kabini ya kushea na mtu nisiyemjua?

Chakula ni halali, wafanyakazi karibu wote ni Wamisri, na ni kingi: wali, samaki, kuku, maharage yao ya ful asubuhi, saladi, mikate. Kama hauli kitu fulani waandikie mapema. Kusali hakuna tabu, wafanyakazi wenyewe wanasali na watakuonesha kibla boti ikigeuka, kiswahili chetu na kiarabu chao vinakutana kwenye salamu na mambo yanakuwa mepesi mara moja. Ramadhani boti zinatembea kama kawaida, ila wewe mwenyewe kupiga daivu nne kwa siku bila maji siishauri, kukaukiwa maji mwilini ni moja ya vitu vinavyokuongezea hatari ya mgandamizo, panga safari mwezi mwingine.

Akina dada wanaoniuliza: kabini zinashewa na wa jinsia moja, lakini omba wakuthibitishie kwa maandishi usichukulie tu. Hijabu ya kuogelea chini ya kofia ya wetsuti inakaa vizuri, hakikisha kitambaa hakipiti chini ya ukingo wa maski, hapo ndo maji yanapoingilia.

Bei ya jumla ikoje?

Wiki ya boti ya wastani inaanzia kwenye euro elfu moja hivi, kabla ya ndege. Usiangalie namba ya tangazo tu. Uliza ada za hifadhi na bandari, nyongeza ya mafuta, naitroksi, vifaa vya kukodi, na kama usafiri wa uwanja wa ndege umo. Bakshishi ya wafanyakazi ni desturi na inakusanywa mwisho kwa bahasha, weka euro au dola taslimu pembeni tangu nyumbani, vijana wale wanabeba mitungi yako wiki nzima na wengine wanategemea hiyo kulisha familia. Pombe, kwa wanaotumia, ni baada ya daivu ya mwisho ya siku. Ukinywa bia moja mchana umejimalizia siku.

Viza na mizigo?

Viza anza mapema na ubalozi wa Misri ulio karibu nawe, masharti yanatofautiana kwa paspoti na yanabadilika, usimsikilize aliyeenda mwaka juzi. Paspoti iwe na miezi 6 mbele, kadi ya homa ya manjano iwe ndani yake. Unatua Cairo afu unaunganisha Hurghada au Marsa Alam, na fika siku MOJA KABLA ya boti kuondoka, begi likichelewa lina nafasi ya kukufikia.

Begi liwe laini la kukunjika, sanduku gumu halina pa kukaa kabini. Regyuleta, kompyuta na maski zipande na wewe mkononi. Betri za lithiamu na pawabenki ni za mkononi pia, kisu na vitu vyenye ncha vinaingia begi la chini. Droni usiende nayo, Misri wanaikamata uwanjani.

Thistlegorm inafaa mgeni?

Ndio kama uko Advanced na unaelea vizuri. Ni meli ya mizigo ya Waingereza, urefu mita 126, ilipigwa mabomu na ndege za Wajerumani usiku wa Oktoba 6, 1941 ikiwa imetia nanga ikisubiri kupita Suez, watu 9 wakafa. Imelala kwenye mchanga kama mita 30, deki yake iko mita 16 hivi. Ndani bado kuna pikipiki za BSA zimepangwa kwenye malori ya Bedford, mabuti ya askari, bunduki, na nje kuna injini za treni zilizorushwa na mlipuko. Mkondo unaweza kuwa mkali, unashuka kwa kamba na unapanda kwa kamba. Daivu ya kwanza izunguke nje tu, ya pili ndo uingie na kiongozi. Na usiguse wala kuokota kitu, ni kaburi pia lile.

Papa wa longimanusi, ni kweli anakusogelea?

Kweli. Huyu ni papa wa bahari ya wazi, chakula chake ni cha kubahatisha, kwa hiyo anakuja kuchunguza kila kinachoelea. Unamkuta sana Elphinstone, Brothers na Daedalus kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kaeni pamoja, simama wima usilale, mgeukie umtazame muda wote, mikono karibu na mwili, usielee juu kupiga mateke, na zodiaki ikifika panda haraka kwa utulivu. Akianza kukata mizunguko inayopungua kila mara, kundi zima linatoka majini. Wale papa nyundo wa Daedalus ni hadithi nyingine, wanakuogopa wewe, pumua polepole uwaone, miezi ya joto alfajiri ndo yao.

Daivu ya mwisho na ndege, niache saa ngapi?

DAN wanashauri angalau saa 18 baada ya daivu za siku nyingi, na mimi naweka 24 kamili bila mjadala. Boti nyingi zinamaliza kuzamia mchana wa siku ya sita na unalala bandarini. Tumia muda huo kusuuza vifaa kwa maji yasiyo na chumvi, kuvianika kivulini, kuandika logbuku na kupata muhuri wa boti ukiwa bado unamuona kiongozi. Ukisikia ganzi, maumivu ya kiungo, madoa ya ngozi, kizunguzungu au uchovu usioeleweka, sema papo hapo, upewe oksijeni na upigiwe simu kwa daktari wa bima, na usipande ndege mpaka akuruhusu, hata tiketi ikipotea.